Mfunike Mtoto

Mjambere, Kisauni
14 Septemba 2024

Kwa binti yangu Salsabil,

Assalaam alaykum, wewe na mumeo Mahfudh. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila sikio langu la kushoto limeshakufa kabisa na la kulia husikia likitaka. Mwanangu Sameer anakusalimu. Mkewe Ihsan anakusalimu pia. Hivi sasa yuko mlangoni anafagia mahali palipokwisha fagiliwa, apate kuona naandika nini. Maji ya mfereji hatujayaona tangu Mfungo Mosi. Kuku wangu mweupe ameibwa, na mwizi namjua, ila sina ushahidi.

Barua uliyompa Raghad aniletee kutoka huko imefika. Nimeisoma, nimeikunja, nimeitia chini ya mto, nimekwenda kuoga, nimerudi nimeisoma tena. Mashallah. Nimelia kidogo, na Ihsan amenikuta, nikamwambia ni kitunguu.

Sasa sikiliza. Mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwao mwanamke. Sikuitunga mimi desturi hiyo. Mpangaji wa chumba cha nyuma nimeshamwambia atafute pengine, na godoro nimelianika. Utakuja ukiwa na miezi saba, utazaa hapa, nitakukanda kwa maji moto, utakunywa uji wa pilipili manga mpaka uuchukie, na arobaini yako itaishia mikononi mwangu. Sameer amenionyesha picha za huko kwenu kwenye simu yake. Watu wamevaa magodoro! Mtoto hawezi kuzaliwa mahali kama hapo. Baridi ni kitu kibaya, Salsabil. Wewe huijui.

Na mwezi wako usimwambie mtu. Nilikufundisha tangu ukiwa msichana: mwanamke mwenye mimba akiulizwa, huongeza mwezi mmoja. Macho ya watu hayana huruma.

Haya mambo pia sitaki kuyazungumza kwa simu. Simu yangu siisikii mpaka iwekwe spika, na ikiwekwa spika Mjambere nzima husikiliza. Niandikie.

Shangazi yako,
Alawiya

*

Edmonton
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mahfudh anakubusu mkono. Kazi amepata, ya kuondoa theluji kwenye maegesho ya magari, ila theluji yenyewe haijaanguka, kwa hivyo kwa sasa anaisubiri kama mkulima. Mimi sijambo. Natamani mabuyu na udongo wa kula. Udongo wa huku nimeujaribu, wa kwenye chungu cha maua. Usimwambie mtu.

Shangazi, kuja siwezi. Karatasi zetu za ukaazi ziko mikononi mwa wakubwa, na nikitoka nchini kabla hazijarudi huenda nisiruhusiwe kuingia tena. Nimelia nilichokuwa nacho cha kulia. Mrudishe mpangaji wako. Nitajifungua hapahapa mwishoni mwa Februari, inshallah.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonikalisha niandike. Mkunga wangu wa huku ni mama mmoja Mfilipino, mpole, ila akiuliza haachi. Ameniuliza: mamako alikuzaa vipi? Nikamwambia sijui. Yuko hai? Nikamwambia amekufa. Kwa nini? Nikasema homa. Homa gani? Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Ameuliza kwa sababu nilimweleza hedhi yangu ilivyokuwa. Unakumbuka mwenyewe, ulikuwa ukinifichia leso nyeusi. Nikamwambia pia juu ya gego langu nililong'olewa nikiwa darasa la saba, damu ikatoka siku mbili, ukanijaza kahawa kavu mdomoni. Akaacha kuandika. Anasema kuna watu ambao damu yao haigandi upesi, na jambo hilo hurithiwa. Wamenipima na vipimo vinasema niko sawa, lakini anasema mimba huweza kuvidanganya vipimo, kwa hivyo anachokitaka zaidi ni habari za ukoo.

Baba hayupo tena, Mungu amrehemu. Ndugu za mama wa Vanga sina hata namba yao. Umebaki wewe tu uliyekuwapo. Mama alikufa vipi, Shangazi? Alitokwa na damu?

Wako,
Salsabil

*

Mjambere, Kisauni
10 Novemba 2024

Kwa binti yangu Salsabil,

Waalaykum salaam. Barua yako imechukua mwezi mzima njiani, nadhani imekuja kwa miguu. Sisi salama. Mdogo wake Ihsan ameposwa na watu wa Port Reitz. Kijana anafanya kazi uwanja wa ndege na anatembea kama ndege ni zake. Harusi ni mwezi wa Rajab. Kuku wangu mweupe nimemwona uani kwa yule mtu niliyekwambia. Kafungwa uzi mwekundu mguuni ili aonekane mwingine. Nilimwita akaja mbio.

Nimekusikitikia kutokuja. Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Mpangaji amerudi.

Nimekuwekea fungu: binzari, pilipili manga, mdalasini, ubani wa kumfukizia mtoto nguo, leso tatu za pamba nzito. Raghad atakuja nazo akirudi huko mwanzo wa Februari, zikuwahi. Mtoto akizaliwa mfunike papo hapo, kabla ya kitu chochote. Kichwa kwanza. Waambie wakunga wako wasimwache hata dakika moja wazi. Miguu, kisha kichwa tena. Usiwaachie wao, angalia mwenyewe.

Kuhusu mamako. Mamako alikufa kwa homa baada ya kutimiza arobaini yako. Uliambiwa tangu ukiwa mdogo, na jambo halibadiliki kwa kuulizwa na Mfilipino. Mwenye mimba haulizi habari za makaburi, na anayemjibu ana dhambi. Soma Surat Maryam kila siku, kula tende, na mambo ya waliotangulia mwachie Mwenyezi Mungu.

Jino lako lilitoka damu kwa sababu ulikuwa ukilichezea kwa ulimi. Nilikukataza.

Shangazi yako,
Alawiya

*

Edmonton
8 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Theluji imeanguka na Mahfudh hana muda wa kukaa. Anatoka kabla jua halijatoka na kurudi na ndevu nyeupe. Jua lenyewe latoka kwa haya, laaga mapema. Hapa dirishani kuna barafu upande wa ndani.

Hizo ndizo salamu. Sasa nina hasira nawe, na naomba radhi kabla sijaendelea, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea.

Nilikupigia simu juzi. Sameer aliweka spika. Nikakuuliza, mama alikufa vipi, ukasema, "Eee? Sisikii!" Nikarudia. "Eee? Mtandao mbaya!" Kisha nikauliza kuku mweupe yu hali gani, ukanijibu kwa dakika kumi bila kukosa neno. Shangazi, nimekaa nyumbani kwako miaka ishirini na mbili. Najua sikio lako linavyokufa na linavyofufuka.

Mimi siulizi habari za makaburi. Nauliza habari zangu. Mkunga amenipeleka kwa daktari, na daktari ananiambia hivi: kama mamangu alikufa kwa homa, nitazalia kwenye hospitali ndogo ya karibu kama kila mtu. Kama alitokwa na damu, nitazalia ile kubwa ya ng'ambo ya mji, damu yangu iwe imewekwa tayari, na dawa ziwe mezani kabla sijaanza kusukuma. Wao hawawezi kuchagua kwa niaba yangu kwa kukisia. Jibu moja tu. Ndiyo au siyo. Ukishindwa kuniandikia "mama" niandikie hilo neno moja.

Naogopa. Sijamwambia Mahfudh ninavyoogopa, maana yeye anaogopa zaidi na anajificha kwa kukwangua theluji hata isiyo ya kazi. Naota niko kwenye kile chumba cha nyuma, godoro limelowa, na nyinyi nyote mmenipa mgongo.

Mtoto ameshageuka, kichwa kiko chini. Ananipiga mateke mbavuni nikila pilipili. Miguu imevimba, navaa viatu vya Mahfudh. Februari haiko mbali, Shangazi.

Salsabil

*

Mjambere, Kisauni
12 Januari 2025

Kwa binti yangu Salsabil,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata jana. Leo nyumba imejaa wanawake, wamekuja kuchambua mchele na kumenya thumu kwa harusi ya mdogo wake Ihsan, na mimi nimejifungia chumbani na kusema kichwa kinaniuma. Sikusema uongo.

Umenitukana kwa adabu. Hayo nimekufundisha mimi pia, kwa hivyo sina wa kumlaumu.

Nitakwambia. Nimelala nikiwaza na nimeamka nikiwaza, na nimeona nikwambie, ila si ndiyo na siyo, kwa sababu jambo lenyewe si la neno moja. Nakuandikia yote, barua nampa Raghad mkononi pamoja na fungu lako. Anasafiri tarehe tatu Februari. Utakuwa na wiki tatu za kumwonyesha daktari wako. Subira kidogo tu.

Kwanza ujue kwamba si mimi niliyeamua kukuficha. Ni mamangu, bibi yako. Alituapisha sote tuliokuwa chumbani. Alisema msichana akijua mamake alikufa hivyo, atazaa kwa hofu, na hofu humfunga mwanamke. Akasema mpeni homa, homa haimtishi mtu. Bibi yako alikuwa mwanamke wa kusikilizwa. Na mimi nimekaa na kiapo hicho mpaka nikakizoea, nikawa mwenyewe naiona ile homa.

Mamako alikuwa akipiga mswaki ufizi unatoka damu. Akijigonga mezani anafanya alama nyeusi wiki nzima, tukimtania kwamba babako anampiga, na babako maskini hakuweza kumpiga hata nzi. Na mamake, yule bibi yako wa Vanga, alipomzaa mjomba wako Faki

Ngoja.

Nimeisoma barua yako tena hapa, nipate kukujibu vizuri. Umeandika mtoto amegeuka. Umeandika tarehe nane Desemba mtoto kichwa kiko chini, miguu imevimba viatu haviingii. Mimi nimekaa na wazazi wengi, Salsabil. Kama ungekuwa wa mwisho wa Februari, wakati huo mtoto angekuwa bado anaogelea.

Nani aliyekufundisha kuongeza mwezi?

Ya Rabbi. Raghad ni Februari. Wewe ni

*

Edmonton
9 Februari 2025

Shangazi yangu, mamangu,

Shikamoo. Mahfudh anakusalimu, na leo ameandika mwenyewe jina lako juu ya bahasha kwa herufi kubwa, anasema ndiyo heshima aliyonayo kwa sasa. Mimi nakaa, natembea mpaka dirishani, nakula. Hutaamini, ila uji wa pilipili manga nimeupikiwa na yule mkunga Mfilipino baada ya kumweleza. Aliutia maziwa ya nazi ya kopo. Haukuwa mbaya.

Kwa simu hatujazungumza vizuri kwa sababu kila ukiwekwa spika unalia, na Ihsan analia, na Sameer anakata. Kwa hivyo nakuandikia ilivyokuwa huku.

Ile Jumapili nilikuwa nimekaa sakafuni nakunja nguo za mtoto. Mahfudh ndio kwanza aingie, viatu vina theluji. Simu ikalia, nikaona ni wewe, nikastaajabu, kwa sababu wewe hupigi. Nikasikia kelele za wanawake, masufuria, mtu anaimba. Kisha sauti yako: "Nyamazani nyote! Nyamazani!" Kukawa kimya. Sijapata kusikia nyumba yako kimya vile.

Ukasema, "Salsabil! Wan'sikia? Mamako hakufa na homa! Mamako alivuja damu! Alivuja mpaka akafa, siku ile ile uliyozawa! Na mamake pia alivuja akimzaa Faki, ni Mngu tu alomponya! Mwambie daktari! Leo! Usingoje barua!"

Nikasikia kitu kikianguka, sinia labda. Ukasema, "Sasa nyote mumesikia. Basi." Kisha simu ikakatika.

Nilibaki na fulana ya mtoto mkononi. Mahfudh alichukua ufunguo wa gari.

Ndiyo, ulivyoniuliza kwa simu ni kweli, niliongeza mwezi. Niliandika Februari kwa sababu Ihsan husoma barua zako, unajua husoma, na mdomo wake hauna mlango. Nilitaka nikwambie wewe ukweli kwa simu, lakini simu ina spika. Nikasema si kitu, Shangazi atajua mwenyewe. Siku zangu zilikuwa za mwisho wa Januari.

Mtoto hakungoja hata huo mwisho. Uchungu ulinishika wiki moja baada ya simu yako, asubuhi ya Jumapili iliyofuata. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo na Mahfudh alijua barabara gani zimesafishwa, kwa sababu nyingine alizisafisha mwenyewe. Tukaenda ile hospitali kubwa. Jina langu lilikuwa tayari mlangoni, na damu yangu ilikuwa tayari kwenye jokofu lao.

Mtoto alitoka salama. Msichana, Shangazi. Kisha ikaanza. Nilisikia vuguvugu chini yangu na nikaona sura za watu zimebadilika, na nikajua ndiyo yenyewe. Nilifikiri: hivi ndivyo alivyoona. Lakini hakuna aliyekwenda kutafuta kitu. Kila kitu kilikuwa mezani. Walikuwa wamesimama pale kunisubiri, wale watu, kwa sababu ya kelele ulizopiga wewe mbele ya wanawake wa harusi. Walinitia chupa nne za damu. Daktari alikuja jioni akakaa kitandani kwangu, akasema kama ningekuwa kule hospitali ndogo asingependa kufikiria. Nikamwambia asifikirie, shangazi yangu ameshafikiria.

Tumempa jina Mwanarehema. Sikukuomba ruhusa. Jina la mama halikutajwa nyumbani kwako miaka yote ile, na mimi nimechoka kulinyamazia. Akika tumemwachia Sameer aichinje huko, na nyama wagaiwe majirani, hata yule mwenye kuku.

Nina swali moja, na sasa sina mimba, kwa hivyo huna kisingizio. Ulikuwa ukiniambia mama alinilea siku arobaini, akaninyonyesha, akanivisha hirizi. Usiku nilikuwa nikijilaza na hizo siku arobaini. Sasa najua hazikuwapo. Shangazi, aliniona?

Wako,
Salsabil

*

Mjambere, Kisauni
9 Machi 2025

Kwa binti yangu Salsabil, mama Mwanarehema,

Waalaykum salaam. Ramadhani karimu. Nimeifungia barua hii pamoja na ile niliyoiacha katikati, kwa sababu si haki kuitupa. Utaona pale kalamu ilipoanguka.

Wanawake wa harusi wamelitangaza jambo lile mpaka Kongowea, kama nilivyojua. Ihsan hakulitangaza. Alikuja jikoni, akaniondolea bakuli mikononi, akaosha yeye. Nimemsamehe mengi siku hiyo, ila si yote. Akika imechinjwa. Mwenye kuku alikula akashiba, na kesho yake kuku mweupe nilimkuta mlangoni kwangu, uzi wake mguuni.

Jina umelitoa vizuri. Nililisema peke yangu chumbani nikaona halinichomi.

Sasa nakujibu. Niliogopa zaidi swali hili kuliko lile la kwanza.

Siku arobaini nilikutungia mimi. Mamangu alisema homa tu. Siku nilitia mimi, kwa sababu ulikuwa na miaka mitano na uliuliza, na sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Hirizi nilikuvisha mimi.

Lakini alikuona. Hilo sikutungii. Ilikuwa mwezi kama huu, Machi, nyumbani kwetu Likoni, adhuhuri inaadhiniwa. Ulitoka upesi, ukalia, tukapiga vigelegele. Nilikuwa nimekushika mimi. Akasema, "N'leteani." Nikakuweka kifuani pake. Akakuangalia vizuri, akakushika sikio, akasema una masikio ya babako, pole yako. Akacheka. Sote tukacheka.

Kisha akasema, "Mfinikeni mwanangu, kuna baridi."

Joto la siku ile silisahau. Kuta zilikuwa zinatoa jasho, mkunga alikuwa amevua buibui na mtandio na bado anajipepea. Tukakufunika leso. Akasema tena, "Mfinikeni, hamwoni kuna baridi?" Tukaongeza ya pili. Midomo yake ikaanza kutetemeka, naye akawa anakuvuta karibu, anasema mtoto ana baridi, mtoto atakufa na baridi. Nikavua leso yangu mwenyewe nikakufunika. Ukawa mwekundu kwa joto, unalia. Sote wanne tulikuwa tumekuinamia wewe, tunakufunika. Hakuna aliyeinua shuka lake kuangalia. Tulipokwenda kutafuta gari alikuwa ameshanyamaza.

Baridi ilikuwa yake yeye, Salsabil. Alikuwa akiisikia, akadhani ni yako.

Kwa hivyo leso tatu nilizokutumia kwa Raghad, moja mfunike mtoto. Mbili ni zako. Jifunike wewe.

Shangazi yako,
Alawiya